Uwatu Kwenye Ungo

Leo mwenye duka amenifungulia mkebe wa habasoda, na ile harufu yake kavu, yenye uchungu kwa mbali, imenirudisha uani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza.

Nimeketi mkekani na bibi mzaa mama. Kati yetu pana ungo wa habasoda na uwatu, viungo vya uji wa mzazi. Bibi alivichanganya mapema, akingoja mama ajifungue. Mama alijifungua salama, lakini mtoto amekufa siku ya pili tu, kabla ya ile ya saba ya kupewa jina. Asubuhi hii baba amembeba mikononi, wamekwenda kumzika.

"Mbegu nyeusi ziache," Bibi ananiambia. "Hizi za manjano zitoe zote."

"Kwa nini, Bibi?"

"Uwatu unaita maziwa. Yakija, atanyonya nani?"

Tunachagua punje moja moja. Nalamba kidole, nakunja uso kwa uchungu, naendelea. Kazi yenyewe naipenda, maana najua tukiumaliza uwatu mama atapona.

Mara mama anatoka chumbani, mkono mmoja ukutani. Kanga aliyojifunga kifuani imelowa, upande huu na upande huu.

"Mama," anamwambia Bibi taratibu, "yameshakuja."

Bibi anaitazama ile kanga. Kisha anauinamia tena ungo.

"Chagua, mjukuu wangu," anasema.

Nasi tukaendelea kuchagua.