Kakakuona na Mfuko Uliotoboka

Nimesimulia habari za fisi na korongo mbele ya watu wenye vyeo bila kutetemeka, lakini hii ya kakakuona naisimulia nikiangalia chini, maana nusu ya kijiji waliniona nimebaki na chupi, na nusu nyingine walisimuliwa kabla jua halijatua.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Chemchem, hapa Tabora. Baba alitaka nirithi cherehani, mimi nikang'ang'ania kamera ya sinema (kuukuu, ya kuzungusha ufunguo kama saa ya mezani, niliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao), nikawa napiga sinema fupi fupi za wanyama na ndege, peke yangu, bila bosi wala mshahara. Siku hizo za Ujamaa kulikuwa na gari la sinema lililozunguka vijijini kuonyesha kilimo bora, na bwana wa gari lile aliniahidi kwamba nikimletea mnyama wa kwetu, anayetembea vizuri, atamwonyesha. Baba akasema basi, hii ndiyo safari ya mwisho, ukirudi mikono mitupu utakaa kwenye cherehani. Akaongeza kwamba suruali yangu ya bugaluu imetoboka mfuko, nivue aushone. Nikamwambia nitachelewa treni. Mkasa ulianzia hapo.

Nikateremka stesheni ya Tura, nikatembea hadi kijiji kipya ambako watu walikuwa wamehamishiwa karibuni, nyumba bado mbichi, mashamba hayajapandwa. Nilikwenda kutafuta ndege, nikakuta wamempata kakakuona. Kwa msiojua, mnyama huyu haonekani kila mwaka, na akionekana hadhuriwi, analetwa mbele ya watu, anawekewa maji kwenye kibuyu, mtama, mkuki na kikapu kitupu, na kile atakachokiendea ndiyo habari ya mwaka: mvua, shibe, vita au njaa. Halafu anarudishwa porini kabla jua halijazama. Na watu hawa walikuwa kwenye ardhi wasiyoijua, mbegu zao chache, hawana hakika wapande mapema au wasubiri. Mwenyekiti wa kijiji, Mkristo wa kanisa la Moraviani, alisema hayo ni mambo ya kale, kisha akaleta kiti chake akakaa mbele kabisa.

Aliyevilinda vile vitu ni Bibi Nyamizi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mume wangu (bibi zetu ndivyo walivyo), nikaomba ruhusa ya kupiga picha, akasema piga, ila mnyama usimwongoze, anaongozwa na Mungu mwenyewe. Nikasema haya bibi.

Sasa, mkanda niliobaki nao ulikuwa mmoja tu, wa dakika chache, na kakakuona akishajikunja anaweza kulala hivyo kutwa. Nikawaza, mkanda ukiisha mnyama hajatembea, mimi ni fundi cherehani. Nikazunguka nyuma penye kichuguu, nikakibomoa kidogo, nikafunga udongo na mchwa wake ndani ya leso, nia yangu niunyunyize karibu na kibuyu cha maji. Mchwa ndio chakula chake, mnyama ataufuata, mimi nitapata picha, wao watapata mvua, nani atalalamika? Ila Bibi Nyamizi hakubandua macho kwenye vile vitu. Leso ikabaki mfukoni. Mfuko gani? Ule ule.

Kakakuona akajikunjua taratibu, akainua pua, nikaanza kupiga. Akaupita mtama. Akaupita mkuki, watu wakashusha pumzi. Akakipita kibuyu, akakipita hata kikapu, akaja moja kwa moja kwangu, na mimi mjinga nikafurahi kweli kweli jinsi alivyokuwa anajaa kwenye picha, mpaka nilipohisi ulimi mwembamba wa baridi unapita kwenye kifundo cha mguu. Fundo la leso lilikuwa limelegea, udongo unapita kwenye tundu la mfuko na kumwagika kidogo kidogo ndani ya bugaluu (na suruali zile, wanaokumbuka wanajua, chini zilikuwa pana ungeweza kufugia kuku).

Wazee wakashauriana kwa Kinyamwezi, nikasikia wanasema amenichagua mimi, kwa hiyo nisiondoke, nikae hapo hapo mpaka mvua zinyeshe, nyumba watanijengea. Ningesema ukweli wakati ule, aibu ingekuwa ndogo. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye siri na wanyama. Ndipo mchwa, wale askari wenye vichwa vikubwa, walipoamua kupanda badala ya kushuka.

Waliponiuma sitataja. Niliruka, nikazunguka, kamera nikaitua chini, nikashika mshipi wa suruali, nikauachia, nikaushika tena. Bibi Nyamizi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vua tu, mume wangu, hakuna tusichokijua."

Nikavua. Leso ikaanguka miguuni pa mwenyekiti, naye alicheka mpaka akashuka kitini, na kijiji chote nyuma yake. Bibi akaiokota, akaifungua, akatazama mchwa wanavyotambaa. Yeye hakucheka.

"Wewe ulitaka picha," akaniambia. "Sisi tulitaka kujua tutakula nini."

Hiyo iliniuma kuliko mchwa. Kakakuona alikuwa ameshashiba, akajikunja, hakuchagua kitu tena, na jioni ikabidi arudishwe porini. Wakapanda kwa kubahatisha.

Mkanda ulitoka vizuri (nilikata pale kamera ilipoendelea kupiga miguu yangu mitupu), bwana wa gari akaukubali, baba akaacha kunitajia cherehani. Mwaka uliofuata gari likapangiwa kijiji kile, nikafuatana nalo nikiomba wawe wamenisahau. Nikamkuta Bibi Nyamizi anakandika ukuta. Shikamoo, marahaba. Nikauliza mvua zilikuwaje. Akasema nzuri, wala hazikukatika. Nikapumua, nikasema basi bibi, hakuna kilichoharibika.

Akanishika mkono, akanionyesha nguzo za nyumba zilizoliwa mpaka zimebaki maganda, ghala limelala upande, mahindi yameangushwa shambani hata hayajakomaa. Mchwa. Kijiji kizima, mchwa.

"Kakakuona alisema kweli," akasema. "Alitupeleka kwenye mchwa wenyewe, tukawaona kwa macho yetu. Watu wakacheka suruali."

Tangu hapo mnyama akitaka kulala namwacha alale, mkanda ukiisha na uishe. Na kabla ya kila safari hukaa kwenye cherehani ya baba, nikageuza suruali, nikashona mifuko yote, hata isiyotoboka.