Kukokota Baiskeli Kuvuka Msimbazi

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na mpaka leo nikilisema hilo mbele za watu nasikia masikio yanapata moto. Wenzangu waliangukia utotoni, wakachubuka magoti, wakasahau. Mimi nilianguka kwenye viwanja vya Jangwani asubuhi kweupe, mbele ya timu nzima iliyokuwa ikifanya mazoezi ya mpira, nimevaa suruali ya mwanangu ndani ya dera. Mpira ulisimama. Hakuna aliyecheka, na nadhani ingekuwa afadhali wangecheka.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni jirani yangu wa Magomeni, mshona mapazia, ambaye kama mimi anashinda Kariakoo. Yeye ana fremu yake ya duka, mimi nauza vitenge dukani kwa kaka yangu. Miguu yangu ilikuwa inavimba kwa kukaa kutwa kwenye stuli, na daktari akaniambia niushughulishe mwili. Jirani aliposikia hivyo tu akanitafutia baiskeli ya mtumba, ya kike, yenye kikapu mbele.

"Shoga, tutakuwa tunaenda wote," alisema. "Asubuhi tunatoka, tunafika, miguu imeshanyooka."

Kaka yangu alipoiona baiskeli imeegemea kwenye mlango wa duka, alisubiri mpaka wateja wakaondoka.

"Dada, mimi sikukatazi," alisema kwa sauti ya chini. "Ila iweke uani. Watu wakiiona hapa mbele watasema duka limetushinda."

Niliikokota mpaka uani, nikaifunika na gunia. Tangu siku hiyo nikawa naingia dukani kwa mlango wa nyuma.

Lakini hayo ya kaka niliyazoea. Kilichonishinda ni mto. Ukiwa ndani ya basi kati ya Magomeni na Kariakoo hujui hata kama umevuka Msimbazi. Ukiwa juu ya baiskeli unaujua. Barabara inateremka Jangwani, unafika darajani, na ile njia ya pembeni ambayo ungesema ni yako inakuwa ya kila mtu. Bodaboda zinapita kulia na kushoto, mikokoteni inakuja uso kwa uso, mtu kabeba magodoro kichwani haoni mbele. Upande mmoja magari, upande mwingine maji meusi kule chini. Jirani alikuwa anapiga kengele anapita. Mimi nikifika pale mikono inakufa ganzi, usukani unaanza kucheza, nashuka.

Kushuka peke yake si kosa. Tatizo ni kwamba niliona aibu kuonekana nimeshuka. Kwa hiyo nikawa nainama, nashikashika cheni, kama mtu ambaye baiskeli imemharibikia. Halafu naikokota mpaka ng'ambo. Jirani akiwa ananisubiri upande wa pili, namwambia, "Cheni imetoka tena." Maskini ya Mungu, akawa ananipeleka kwa fundi. Fundi anaizungusha pedali, anaangalia, anaizungusha tena, anasema haoni kitu.

Ijumaa moja nilipitia kliniki kwanza, nikachelewa. Jirani alikuwa ameshatangulia. Nilifika darajani jua limepanda, watu wengi wako njiani kuelekea msikitini. Nikashuka, nikainama kwenye cheni kama kawaida yangu. Kabla sijainuka nikasikia mtu anasema, "Bibie, imekusumbua?"

Alikuwa mzee mmoja, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ina mistari, kofia iliyodariziwa kwa mkono, marashi yananukia. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na hapo hapo akapiga goti kwenye vumbi la daraja.

"Mzee, acha tu, nitaikokota."

"Utaikokota mpaka wapi na jua hili? Hebu inyanyue tairi la nyuma."

Nikalinyanyua. Yeye akakunja mikono ya kanzu, akashika cheni na vidole vyake, akaizungusha pole pole, akitafuta palipokatika. Watu wakawa wanatupita wanageuka kutazama. Kijasho kikamtoka chini ya kofia. Grisi ikampanda kwenye vidole, ikafika kiganjani. Alipotaka kuishika kanzu isiguse tairi, akaacha alama nyeusi pajani, ndefu, ya vidole vitatu. Hakuiona. Akaendelea kutafuta.

Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee," nilisema, "cheni ni nzima. Haina kitu."

Akainua uso.

"Naogopa daraja," nikasema. "Nashuka kwa sababu naogopa. Basi naona haya, ndiyo maana najifanya imeharibika."

Mzee akaitazama mikono yake, ndipo akaiona kanzu. Sijui kama niliwahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile. Nilitoa chupa yangu ya maji, nikammiminia, akanawa. Grisi haitoki kwa maji. Alipojaribu kufuta ile alama pajani ikatanuka, ikawa kijivu.

"Ungesema tu, mwanangu," alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu aliyechoka ghafla. "Kuna ubaya gani kuogopa? Haya, twende, adhana hiyo inakaribia."

Akatembea upande wa magari, mimi nikaikokota baiskeli upande wa ndani. Kila bodaboda ikija, alinyoosha mkono wake ule mweusi kwa grisi, na bodaboda inakwepa. Tulipofika ng'ambo alinyoosha kofia yake, akakata kona kuelekea msikitini, na doa lake. Nilisimama pale mpaka alipopotea kwenye watu. Nilimwazia akiingia safu ya mbele, akirukuu, na walio pembeni yake wakiona nguo yake.

Jioni nikamweleza jirani yote. Akawaka.

"Yaani mimi nimegombana na fundi wa watu kwa ajili ya cheni nzima? Shoga, hivi mimi ni nani kwako?"

Nilimwomba radhi. Alikaa kimya siku nzima ya Jumamosi, na Jumapili asubuhi akagonga mlango wangu amevaa raba. "Toka," alisema. "Tukatafute pengine pa kuvukia. Baiskeli ziache. Tukipaona kwa miguu tutapajua vizuri."

Tukateremka vichochoro vya Magomeni Suna tukiuliza. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga vitumbua alituuliza tunatafuta nini, jirani akasema njia ya baiskeli.

"Baiskeli zenyewe ziko wapi?"

"Nyumbani."

Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akatuonyesha. "Fuateni wale wenye mabunda. Wanapita kule kivukoni, wanatokea Mchikichini kwenye mitumba. Ila mvua ikiwa kubwa msithubutu."

Kivuko chenyewe ni kidaraja cha vyuma na mbao, chembamba. Hakuna gari, na bodaboda haiwezi kukimbia juu yake. Kila mwenye baiskeli anashuka, hata wanaume wazima wenye mizigo. Nilisimama pale kama mjinga nikiwatazama wakikokota, mmoja baada ya mwingine, bila kuona haya.

Ndiyo njia yetu sasa. Mvua kubwa zikinyesha baiskeli zinalala ndani. Habari zilienea mtaani, na akina mama wengine wanaojifunza wakaomba kuongozana nasi. Jirani akasema mimi ndiye niwapeleke mara ya kwanza, kwa kuwa mimi naijua hofu. Nilikataa, kisha nikakubali.

Mmoja wao anafanya kazi ofisini Posta, mtu nadhifu, anaongea vizuri. Siku yake ya kwanza alifika katikati ya kivuko akaganda. Nyuma yake watu wa mitumba wakajazana na mabunda yao, wakaanza kulalamika. "Sista, vipi? Tunachelewa!"

"Siwezi," aliniambia, ameng'ang'ania usukani. "Naona maji katikati ya mbao."

Niliona uso wake umeiva, nikajua anachotafuta kichwani: neno lolote la kuwaambia wale watu. Baiskeli yangu nilikuwa nimeshaivusha; nikarudi nyuma mpaka kwake, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Na mimi naogopa. Kila siku naogopa hapa. Nishike kiunoni kwa mkono mmoja, tutembee."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwingine akasema, "Mpisheni mama." Tukatembea hatua ndogo ndogo mpaka ng'ambo. Yeye akafuta uso kwa mtandio, akapanda baiskeli, akashika njia ya Posta bila kugeuka nyuma. Mimi nilijibanza nyuma ya kibanda cha viatu kwa muda, nikijifanya nanunua, mpaka uso wangu ukapoa.