Taa za Mke Mwenza

Kwa ubishi, wifi yangu hana mpinzani. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kwa mara ya kwanza, binti wa karakana ya vioo mwenye madoa ya dawa vidoleni, alikitazama kioo cha sebuleni akamwambia mama yetu kwamba kimetiwa fedha vibaya na kitaanza kuota madoa pembeni. Mama alinuna wiki nzima. Kioo kikaota madoa.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi akastaafu, kutia fedha mgongoni mwa vioo. Kaka naye alikuwa na gari lake, kuukuu kuliko wanawe wote, na alilipenda mpaka Wifi akalibatiza Mke Mwenza. Ukipiga simu kumuulizia Kaka, Wifi anakujibu, "Leo ni zamu ya mwenzangu." Ukienda unamkuta uani, kalala chini ya gari, miguu tu nje.

Kaka alipofariki tulidhani ataliuza. Wapi! Akawa analiendesha mwenyewe: sokoni, kwa daktari, na kwangu kila Jumatano jioni, tucheze karata na kuwasema watu.

Mwaka huu akalikwaruza kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe, giza likiingia. Mwanawe mkubwa, tunayemwita Meneja kwa jinsi anavyopenda kuwapangia watu maisha, akachukua funguo akazitia mfukoni.

"Mama, macho yamechoka. Kubali tu."

"Macho yangu mazima, daktari kanipima juzi. Taa ndizo zimekufa."

"Taa zinawaka. Nimeziona."

"Hata jiko linawaka. Utaendeshea jiko?"

Meneja akakata maneno: funguo zitarudi siku atakapoona mwenyewe kwamba kosa ni la taa. Bila lile gari Wifi angekuwa mtu wa kusubiri kuja kuchukuliwa, na yeye hajawahi kumsubiri mtu. Nami nilizihofia Jumatano zangu, sifichi.

Kesho yake akaniita. Meza ya jikoni ilikuwa imetandazwa magazeti, na taa zote mbili za mbele zimefunguliwa: vioo huku, skrubu ndani ya kikombe, globu juu ya kitambaa. Akanieleza kwamba globu peke yake haina nguvu. Kinachosukuma mwanga mbele ni bakuli lililo nyuma yake, lililopakwa fedha ndani. Haya mabakuli yetu yalikuwa ya kijivu, kama sufuria iliyosahaulika motoni. Akalimulika mojawapo kwa tochi.

"Hebu tazama hii mikwaruzo."

Ilikuwa miduara midogomidogo, duara juu ya duara.

"Kaka yako!" akapiga ukelele. "Alikuwa anayapangusa!"

Miaka yote ya ndoa alimkanya kwamba fedha ya ndani ya taa haiguswi hata kwa kidole, vumbi hupulizwa tu. Kaka akawa anajibu, "Sawa, mke wangu," kisha Wifi akitoka, anazifungua na kuzisugua kwa kitambaa, kwa mahaba yote, mpaka fedha ikaisha. Tulicheka hadi machozi. Halafu kicheko kikakatika, yeye bado ameshika bakuli.

"Nikilichubua, mkono wake unaondoka."

Nikamwambia aanze na moja, lile lingine aliache kwanza.

Akachubua kutu, akalainisha kwa msasa wa maji, akapiga rangi nyeusi ya kung'aa. Ilipokauka kabisa akamimina dawa ya fedha aliyoiomba kwenye karakana yake ya zamani. Bakuli likageuka rangi ya kahawia, nikajua limeharibika. "Tulia wewe," akasema. Taratibu nikaona pua yangu inajitokeza humo ndani, imejaa bakuli zima. Akalisuuza, akalikausha kwa mashine ya nywele bila kuligusa, akalipulizia vanishi.

Meneja alipokuja, jua likiwa limeshatua, gari lilikuwa uani na taa zake zimefungwa tena mahali pake, ile mpya imefunikwa kwa blanketi. Wifi akamwomba alitoe nje ya geti. Akawasha, akasogea kidogo, akafunga breki.

"Mama, siioni nguzo."

"Umri huo, mwanangu!"

Akavuta blanketi. Nguzo ikajitokeza nyeupe, na ule mkwaruzo wake, na sisimizi wanaopanda juu yake. Meneja akashuka akaomba radhi, nami nikampenda kwa hilo. Ila Meneja ni Meneja.

"Taa moja haitoshi. Malizia ya pili, funguo nakuletea siku hiyohiyo."

Wifi alichelewa kuishika hiyo ya pili. Mara rangi imeisha, mara mgongo unauma. Mwishowe akaniita nikae naye. Akaliweka bakuli mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiingiza kidole ndani ya taa. Akakifuatisha kwenye duara moja, polepole, mpaka likafunga.

"Mbishi we," akamwambia Kaka.

Akashika msasa. Nililia mimi, yeye akafanya kazi.

Jumatano Meneja akaleta funguo. Wifi akaingia nyuma ya usukani, nami nikakaa pembeni na karata zangu mkobani. Kabla hatujaondoka, Meneja aliona vumbi kwenye kioo cha taa. Akatoa leso, akainama, akaanza kupangusa: duara, duara, duara, shingo kainamisha upande kama babake. Wifi akanishika mkono.

"Nje tu hapo!" akamfokea. "Ndani usiguse, unasikia?"

"Sawa, Mama," akajibu, bila kuinua macho.

Tukatazamana. Tulilijua vizuri lile "sawa". Huyu naye atazifungua.