Ukurasa wa Nyumba Zinazoungua

Kitabu kile mama mkwe wangu alikirithi kwa mumewe, aliyekuwa mpishi wa padri mmoja Mzungu. Padri alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia mpishi sufuria mbili na kitabu cha jalada la ngozi, kilichochapwa zamani mno, kwa lugha ambayo hata mimi mwalimu sikuijua. Lakini picha zilijieleza. Meli zinatia nanga. Watu wenye manyoya kichwani wanawapelekea wageni matunda. Unafunua ukurasa, mbwa wanawararua watu walewale, na nyumba zao za nyasi zinaungua.

Nilimweleza mama mkwe kwamba ile ni Amerika, Wazungu walipofika mara ya kwanza. Akanicheka.

"Amerika wanaezekaga nyasi? Mwalimu, angalia vizuri. Hapa ni kwa baba. Mjerumani ndiye alichoma. Mimi huyu, niko mgongoni kwa mama."

Kidole chake kilitua juu ya mwanamke anayekimbia na mtoto. Nilibishana naye miaka, nikachoka. Ukaidi wa yule mama ungemshinda hata ng'ombe wa plau.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Sisi tuliokaa nyuma ya vilima vya Nyamuswa tukaamriwa kuhamia kando ya barabara ya Bunda. Ujamaa niliupenda kwa moyo wote, niliwaimbisha watoto darasani kila asubuhi. Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mama mkwe hakukataa kuhama. Aliomba kitu kimoja tu: kwao mjane hahami mpaka mwanawe mkubwa achukue kaa la moto jikoni kwake, akaliwashe katika nyumba mpya. Nyumba mpya ilikuwa bado miti mitupu. Aliomba asubiriwe ikamilike.

Mgambo walifika asubuhi, mvua ya usiku haijakauka. Jirani yetu aliuliza swali, wakampiga virungu mpaka akatema meno. Walivunja vihenge, mtama ukamwagika matopeni. Mbwa wetu alibweka, wakampasua kichwa kwa panga.

Kiongozi wao akamwambia mume wangu, "Balozi, choma nyumba. Anzia kwa mama yako. Wengine watajifunza."

Mume wangu akasema kibiriti kimelowa. Nadhani alidhani amepata pa kuponea.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kitabu kimefunguliwa pale pale penye moto. Alimwinulia mwanawe picha ile.

"Nionyeshe. Wewe ni yupi hapa?"

Kiongozi alimpokonya kitabu, akamsukuma, kichwa kikagonga kizingiti. Damu ikamwingia machoni. Kiongozi akachana ukurasa ule, akampa mume wangu. "Moto si uko jikoni? Washa." Mimi nilimrukia shingoni yule mshenzi, rungu lilinishukia begani, na mpaka leo siwezi kujitwisha ndoo upande huo.

Mume wangu aliingia jikoni kwa mama yake. Akawasha ukurasa kwenye mafiga, moto uleule aliotakiwa kuubeba, akatoka nao akauchomeka chini ya paa. Nyasi za juu zilikuwa mbichi kwa mvua, lakini za ndani zilikauka kwa moshi wa miaka mingi. Zilishika mara moja. Nilimchukia siku ile, na sijui kama niliwahi kuacha.

Kitabu nilikiokota matopeni. Kijijini mama mkwe aliishi jikoni kwangu, hakumsemesha mwanawe hata salamu. Mume wangu alimjengea nyumba ya bati. Mama hakuingia.

"Haina moto," aliniambia mimi.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, mume wangu alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Walikuwa na virungu."

Mama mkwe akaniashiria nimpe kitabu. Alikifungua mahali palipochanwa, akapitisha kidole taratibu kwenye mabaki ya karatasi, kutoka juu mpaka chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama mwanawe.

"Ulikuwa hapa," alisema.