Jicho Ndani ya Mtutu

Nyinyi mnaodhani jicho langu la kushoto lilitolewa na cheche za kuchomelea vyuma, leo nawajibu mara moja, kisha mniache. Halikutolewa na cheche. Wala halikupotea: lipo mahali, na linaona kuliko hili lililobaki. Wallahi haya yalinitokea mimi mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna pa kuchekea.

Nilikuwa na karakana ndogo mtaa wa Gikondo, nyuma ya maghala, natengeneza kufuli na cherehani. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, mvua za Novemba. Siku zile watu wa Kigali walikuwa wameanza kukumbuka vitu vilivyolala darini miaka mingi. Jirani yangu mwenye jiwe la kunolea alikuwa anapata wateja wa mapanga wasio na hata mgomba mmoja, na hakuwauliza kitu. Hata mimi sikuwa na tabia ya kuuliza.

Mchana mmoja, mvua inamwagika, akaingia mzee aliyevaa koti refu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefungwa kitambaa, na kwapani alibana furushi la ngozi ya mbuzi. Koti lilikuwa kavu. Nililiona hilo, niamini, ila nikajiambia labda ameshushwa na gari mlangoni. Mtu akitaka kudanganywa si hujidanganya mwenyewe?

"Fundi, iko kazi kidogo," akasema. "Hii kitu imelala miaka mingi."

Akafungua ngozi. Ilikuwa bunduki ya zamani ya kuwindia, ya mtutu mmoja, ile inayokunjuka katikati. Ilipakwa siagi ya ng'ombe toka mdomoni hadi kitakoni, na siagi yenyewe imekauka, imekuwa kahawia kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa. Wazee wa hapa siagi hiyo walimpaka bibi harusi na mtoto mchanga. Sasa nani aliipenda bunduki kiasi hicho?

Mke wangu Veneranda alikuwa ameniletea chakula, akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Oya, yewe! Hapana, usiguse," akasema. "Kitu imepakwa hivyo, iko na mwenyewe."

Nikamwambia bunduki haiivi kwa kuni, arudi kwenye maharage yake. Mzee akacheka, nami nikacheka. Veneranda hakucheka. Aliweka sufuria chini akaondoka kwenye mvua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwanza niliikunjua nikahakikisha haina risasi. Kisha nikaisugua kwa mafuta ya taa, maana siagi ikishakuwa gamba haitoki kwa kitambaa kikavu. Nikachukua waya mnene, nikauviringishia kitambaa, nikaupitisha ndani ya mtutu. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, kilichofuata kikatoka na kutu. Halafu kikatoka kimoja kimelowa, na hayakuwa mafuta. Yalikuwa maji ya vuguvugu. Ujinga wa kifundi ukanifanya niyaonje kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa na chumvi. Ni machozi, ndugu yangu.

Ningeacha hapo, ningekuwa na macho mawili. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na mimi sikupenda kuonekana mwoga.

"Chungulia," akasema. "Angalia kama iko safi."

Kila fundi hufanya hivyo. Nikauelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango, nikafumba jicho la kulia, nikaweka la kushoto. Mlango sikuuona. Niliona jicho. Lilikuwa jekundu, limechoka, linanitazama toka upande wa pili, kisha likanisogelea.

Sikusikia maumivu. Nilisikia baridi tu, kama mtu aliyevuliwa kofia. Nilipojigusa, kope zilikuwa zimezama ndani, hazina kitu. Yule mzee alikuwa anafungua kitambaa chake taratibu. Chini yake lilikuwepo jicho, jekundu, limechoka.

"Asante, fundi. Bila jicho hii iko bomba ya chuma tu," akasema. "Mimi pia niliisafishia mtu. Mwenyewe anaingojea."

Akaibeba akatoka. Nilimkimbilia hadi barabarani, nikakuta mvua peke yake.

Tangu hapo upande wangu wa kushoto ni bomba lenye giza, na mwishoni kuna kiduara cha mwanga. Miezi ya mwanzo niliona ukuta, gunia, kipande cha mbingu. Kila asubuhi Veneranda alinisafisha lile shimo kwa maji ya moto, na hata siku moja hakusema, "Nilikwambia." Nilimpenda mwanamke yule kuliko macho yote mawili.

Mwezi wa nne ukafika. Veneranda alikuwa amekwenda kwa mama yake, huko Ndera nje ya mji, kula Pasaka. Mimi ni Mwislamu, nikabaki kufungua karakana. Njia zikafungwa kabla hajarudi. Niliyoyaona kwenye kile kiduara sitawaeleza. Walikuwa watu, mmoja baada ya mwingine, na wengi walikuwa wamepiga magoti. Unadhani sikufumba? Jicho lisilo na kope halifumbwi.

Asubuhi moja, nimejificha darini, kiduara kikamleta mwanamke anayechota maji kwenye pipa, amenipa mgongo. Nilikijua kile kitenge cha njano kabla hajageuka. Nikapiga kelele. Mimi Gikondo, yeye Ndera! Akageuka, akatazama ndani ya mtutu, ndani ya jicho langu. Naapa alinitambua, kwa sababu midomo yake ilianza kulitaja jina langu. Haikulimaliza.

Baadaye mtu aliificha bunduki ile. Kukawa giza, na harufu ya siagi iliyochacha hainitoki puani hata nikiwa msikitini. Miaka yote nimemshukuru Mungu kwa giza hilo.

Lakini tangu juzi kiduara kimeanza kupambazuka, na jicho linaniwasha kwa mafuta ya taa. Kuna mtu anaisafisha. Kama ni wewe, umeikuta darini kwa babu yako au umeletewa na mtu mwenye koti kavu, nisikilize. Irudishe kwenye siagi yake, uizike. Ukishindwa, isugue utakavyo, ila usichungulie.

Nimekuonya. Na kama sikio lako nalo ni la kufa, basi chungulia upesi. Nimechoka kutazama.