Paka wa Kavumbi Ghalani Mwangu

Mara ya kwanza kupatana bei na Kavumbi, nilikwenda kununua paka nikarudi nimetoa nusu ya baraza yangu.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa na mahindi ya njano ya msaada. Mimi, Musembi, nilikuwa na ghala la nafaka nyuma ya soko la Malindi, na panya walikuwa wakila kabla ya wateja. Shule moja ya bweni iliyochukua maharagwe kwangu ilinionya waziwazi: gunia moja tena lililotobolewa, na tutatafuta Musembi mwingine. Shule hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yangu. Na sumu huwezi kuiweka karibu na chakula cha watoto.

Kavumbi alikuwa mjane wa Kigiriama kutoka Ganda, akiuza mikeka na vikapu ng'ambo ya barabara, juani. Watu walimwita Mama Masha. Ubavuni pake alilala paka jike mweusi mwenye doa jeupe kifuani, na panya hawakukanyaga upande ule. Jina lake Haiwahusu. Alipewa jina hilo kwa ajili ya majirani waliotaka kujua kwa nini bibi mwenyewe haolewi tena. Kila jioni Kavumbi alimwita kwa sauti ndefu, na mtaa mzima ukapata jibu lake.

"Shikamoo, mama. Huyo paka bei gani?"

"Marahaba. Paka hauzwi."

"Hakuna kisichouzwa."

"Basi niletee mama yako tuanze naye."

Wauza mboga walicheka, nami nikangoja wamalize. Nilikwisha kuona macho yake yanakwenda wapi. Ukindu wa mikeka ukikaa juani hupauka rangi na kuvunjika, na baraza yangu ilikuwa na kivuli kutwa nzima.

"Nipe upande wa kulia wa mlango," akasema.

"Mpaka panya waishe."

"Mpaka paka afe."

Nikampa mkono. Akamtia paka guniani asione njia, akalizungusha gunia nje ya ghala ili asijue kurudi, ingawa njia yenyewe ilikuwa kuvuka barabara moja tu, kisha akamfungulia ndani. "Na jina usimbadilishe," akaniambia. Kesho yake akaenda kwao kwenye matanga ya kaka yake.

Sasa mimi ni mfanyabiashara. Siwezi kusimama mlangoni nikiwapigia wateja kelele kwamba haiwahusu. Nikamwita Simba. Paka akatoweka. Niliita asubuhi, niliita jioni, nikamwekea dagaa kwenye kisahani. Dagaa wakaliwa na panya, na gunia jingine likatobolewa. Lori la shule lilikuwa likija Ijumaa.

Kavumbi aliporudi nilikuwa namngoja.

"Mama Masha, umenidhulumu. Baraza nimetoa, na paka amekurudia."

"Amenirudia wapi, nami nilikuwa matangani? Umemwita?"

"Mpaka koo limekauka."

"Ukimwitaje?"

Jedida wa sukuma wiki akanijibia: "Simba! Simba! Soko zima tumesikia, ila huyo Simba."

Kavumbi hakucheka. Aliingia ghalani mikono mitupu, akakaa juu ya gunia, akaanza kunisimulia matanga: nani alikuja, nani alilia kwa sauti na hakuchanga kitu. Katikati ya habari, bila kupaza sauti, akatamka, "Haiwahusu." Kisha akanionyesha juu kwa kidole.

Kwenye rundo la magunia, chini kabisa ya paa, sikio jeusi liligeuka. Sikio tu.

"Siku zote yupo," akasema. "Na alikuwa akikusikia."

"Mbona hakuja?"

"Aje kwa nani? Mgeni anaingia kwangu hata hajaniamkia, ameshanipa jina!" akamsemea paka.

Paka akateremka polepole, akajisugua kwenye muundi wa Kavumbi.

Tangu siku ile, kabla ya kutandika mikeka yake, Kavumbi aliingia kuzungumza na paka, nami nikaamriwa nikae nizungumze pia. Sikuwa na habari nyingine, nikamweleza paka bei ya mbaazi. Paka alipokwisha kuisikia sauti ya bibi yake pale barazani kila asubuhi, hakujificha tena, akaanza kazi. Ijumaa karani wa shule alipindua gunia baada ya gunia, kisha akaamuru wapakie.

Shule ile nilibaki nayo. Kavumbi naye, akiwa kivulini na rangi zake zimetulia, akapata wanunuzi hadi wa mahoteli ya Watamu. Mimi nikiita Haiwahusu, sikio hugeuka. Kavumbi akiita, paka mzima huinuka. Nimepatana na madalali wa Mombasa wenye ndimi za asali, lakini sijaona mwingine aliyetoa kitu akabaki nacho chote.

Mwaka wa themanini na tisa paka alikufa. Kesho yake nilifika mapema kuchukua baraza yangu. Mikeka ilikuwa imekwisha kutandikwa, na mlangoni amekaa paka mwingine, mjukuu wa marehemu, mweusi vilevile.

"Mapatano yetu yalikuwa mpaka paka afe," nikasema.

"Kwetu mjukuu huchukua jina la bibi, na bibi akawa amerudi. Huyu ni Haiwahusu. Mwite."

Nikamwita. Sikio likageuka.

Nikampa Kavumbi mkono, nikafungua ghala.