Ruta Ndani ya Sanduku la Shule

Mimi ni mwalimu mstaafu, na hasira zangu zinajulikana Kendu Bay kote. Kwa hiyo mtandao wa nyumbani ulipoanza kwenda mwendo wa kinyonga, nililaumu kila mtu. Nililaumu kampuni. Nililaumu upepo wa ziwani. Nilimshuku jirani kwamba anatuibia, nikabadilisha neno la siri mara mbili mpaka mimi mwenyewe nikalisahau. Mume wangu aliposema labda tumuite fundi, nikamlaumu na yeye.

Kisa chote ni mjukuu. Mwanangu anaishi ng'ambo, na mkewe alikuwa amejifungua msichana. Kwetu Wajaluo, mtoto mchanga akilia bila kubembelezeka, husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake. Mkubwa wa nyumba huwataja waliotutangulia mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atanyamaza akitajwa, basi huyo ndiye. Mwanangu jina lake lilikuja kwa ndoto, kwa hiyo kazi hii sikuwahi kuiona kwa macho. Lakini mume wangu alipata jina lake kwa njia hiyo. Alinyamaza ghafla kwa jina la baba mzazi wa mama yake, na habari hiyo husimuliwa mpaka leo. Najua pasta wetu anasema nini juu ya mambo haya. Najua pia kwamba pasta wetu ana jina la babu yake.

Mkubwa wa nyumba yetu ni mama mkwe wangu. Amekula chumvi nyingi. Hudai macho yake yamekwisha, ila jiwe moja dogo kwenye mchele halimpiti.

Nitasema ukweli: nilitaka jina la mama yangu litajwe. Mama aliishi Masara, kule Migori, akisaga mawe ya dhahabu na kuyaosha kwenye karai mpaka mgongo ukapinda, na mwanangu alikuwa akienda kwake kila likizo. Amefariki, na hakuna mtoto hata mmoja mwenye jina lake. Jambo hilo liliniuma. Lakini mtoto ni wa ukoo wa mume, na mke haketi mbele ya mama mkwe akampangia wafu wa kuita. Mimi niliyewafokea wakaguzi wa shule, mbele ya yule bibi huwa nafyata mkia.

Jumapili ya kwanza, baada ya kanisa, tulimketisha mbele ya kompyuta na kitenge chake kipya. Mtoto akatokea akilia, mdomo wazi. Bibi akaanza. Akamtaja shangazi mmoja aliyekuwa mfinyanzi. Akamtaja yule aliyezaa mapacha mara mbili. Akamtaja mgomvi mmoja aliyemkimbia mumewe mara saba na kurudi mara nane. Picha ikaganda, sauti ikakatika. Ziliporudi, mtoto alikuwa kimya.

"Amenyamaza kwa nani?" bibi akauliza.

"Dani, huku tumesikia majina yote matatu kwa pamoja," mwanangu akajibu; dani kwetu ni nyanya.

"Ni mgomvi," mume wangu akasema, akinitazama. "Hiyo ni damu ya nyanyake."

Bibi hakucheka. "Mtoto hapewi jina kwa kukisia, ataugua bure. Tengenezeni hiyo kitu yenu kwanza."

Wiki nzima sikutulia. Nilizima, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Nilipigia kampuni simu, sauti moja yenye adabu nyingi ikaniambia nizime, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Mume wangu alipanda ngazi akakagua waya mpaka kwenye nguzo, akarudi na utando wa buibui kichwani. Yawa! Mtandao ukabaki vilevile. Jumamosi mwanangu akanipigia simu ya kawaida.

"Mama, ruta iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

"Wewe shughulika na mtoto."

"Mama."

"Iko ndani ya sanduku lako la shule."

Sasa ungetaka niiweke wapi? Fundi alikuwa ameiacha juu ya meza, uchi, mijusi ikipita na vumbi likitua. Kwetu kitu cha thamani hakikai ovyo. Nililichukua lile sanduku la bati ambalo mwanangu alibeba kwenda bweni miaka minne, nikapitisha waya kwenye kona iliyoliwa na kutu, nikafunga kifuniko. Juu nikatandika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Likapendeza sana.

Mwanangu alicheka mpaka nikamsikia mkewe akiuliza kuna nini. "Mama, umeufungia mtandao ndani ya bati! Utatokea wapi?"

"Kuna tundu."

"Tundu ni la waya!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliitoa ruta, moto kama chapati, nikaiweka juu ya sanduku, na kitambaa nikakiondoa. Mume wangu alitoka nje, nikamsikia akicheka peke yake huko kwa kuku.

Jumapili iliyofuata picha ilikuwa safi, ningeweza kuhesabu vifungo vya blauzi ya mkaza mwanangu. Mtoto alikuwa akilia kwa bidii. Bibi akamtaja mfinyanzi, kilio. Mama wa mapacha, kilio. Mgomvi, kilio zaidi, mume wangu akashusha pumzi. Akawamaliza wake na mabinti wote wa ukoo. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu.

Bibi akakohoa. "Bado mmoja," akasema. "Si wa kwetu, lakini alinipa mtu."

Akataja jina la mama yangu.

Nikainua uso. Nilimwona mkaza mwanangu akinitazama moja kwa moja, akafungua vifungo viwili, akampa mtoto ziwa. Kimya.

"Amenyamaza! Dani, amenyamaza!" mwanangu akapiga kelele. Mume wangu akapiga makofi. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Baadaye nilibaki na bibi, tukinywa chai. Ualimu ni ugonjwa, uongo hauniketi tumboni. "Mama," nikasema, "lazima nikwambie. Yule msichana alimnyonyesha."

Bibi akapuliza chai yake. "Nyar Masara," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu niolewe, binti wa Masara, "nimeona. Picha yenu siku hizi ni nzuri." Akanywa funda moja. "Na mumeo, unadhani mimi nilimnyamazishaje?"